Mahari Yangu Niliila Ufukweni

Mwenzenu nimeolewa. Msipige vigelegele bado.

Kwa mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Ndumbeh Njie, nina miaka thelathini na sita, na niliachwa kwa simu. Miaka kumi iliyopita mume wangu alinipigia kutoka Italia, akauliza hali ya mama, akanipa talaka, akakata. Mwaka uliofuata upepo wa Agosti ukang'oa bati la saluni yangu na hatukuliona tena. Nikahamia kwa kaka yangu pale Serekunda, hapa kwetu Gambia, nikawa nalala chumba kimoja na magunia ya mchele ya wifi yangu Jabou, ambaye kila asubuhi huniuliza, kwa upole kabisa, kama nimepata pa kwenda.

Wiki iliyopita niliwaacha pazuri. Malick Secka, mgane, mwalimu mkuu, mtu wa kanzu zilizonyooka na nyumba yake mwenyewe kule Brufut, alikuwa ameahidi kuleta kola, zile kokwa chungu za posa, Ijumaa baada ya sala. Kwetu kola zikishavunjwa, mambo yameiva. Mama yake, Aja Ramou, alikubali shingo upande. Alimwambia Malick mbele yangu, "Ni mzuri, lakini mdomo wake hauna kufuli."

Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu: kuutia mdomo wangu kufuli kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa. Hata kichaa anaweza.

Jumanne ilikuwa siku ya pili ya Tobaski, ile Idi ya kuchinja, na siku ya pili watu wa kwetu hawakai nyumbani. Nyama imebaki, kazi hakuna, bahari ipo. Tulifika ufukwe wa Sanyang mapema, tukawahi kivuli cha banda kabla ng'ombe hawajakiwahi. Ng'ombe wa Sanyang hulala mchangani mchana kutwa wakitazama maji, na hawampishi mtu, hata awe mtalii.

Nawaambia ukweli, ilikuwa siku tamu. Watoto walikuwa majini, ndoo ya juisi nyekundu ya wonjo ilikuwa na barafu ya kutosha, na kaka yangu alikuwa amelala kabla hata mkeka haujatandikwa vizuri. Baba yangu mdogo, Mzee Tijan, alikuwa ameshuka kutoka Farafenni kwa ajili ya sikukuu na kwa ajili ya posa yangu. Ndiye ndugu pekee wa marehemu baba aliyebaki hai, na kaka alimwachia yeye kuniozesha, kwa hiyo ndiye walii wangu. Alikuwa amevua kofia na viatu, anatafuna kola, anamwambia kila apitaye kwamba bahari imepungua tangu ujana wake.

Mimi nilikuwa sijatamka neno baya tangu alfajiri. Wifi Jabou aliniuliza kama naumwa.

Ndipo akatokea Saihou Jobe.

Utani mnaujua, sina haja ya kuwafundisha. Kwetu Njie na Jobe ni watani tangu enzi za mababu. Jobe akikutukana, ukikasirika aibu ni yako. Jobe akitia mkono kwenye sahani ya Njie akachukua, hajaiba, ni haki yake, na Njie naye vivyo hivyo. Saihou ni fundi wa injini za boti, anakaa nyuma ya nyumba ya kaka, na kwa miaka tisa mimi na yeye hatujawahi kusalimiana kama binadamu.

"Walafi wamefika," alisema, akaweka birika lake la chai na jiko lake dogo la mkaa kwenye mkeka wetu bila kukaribishwa. "Ndiyo maana mzee anasema bahari imepungua."

Nikauma ulimi. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, nikajihesabia.

"Huyu leo vipi? Kamezwa na nani?"

"Anaposwa Ijumaa," alisema wifi Jabou. "Anafanya mazoezi ya adabu."

"Na nani huyo maskini wa Mungu?"

"Mwalimu mkuu."

Saihou akaanza kuupanga upya mkaa wake. Nilidhani anatafuta tusi.

"Basi wamwambie afunge jiko usiku," akasema, akainama kupuliza mkaa.

Hilo nalo nikalimeza. Mjue nilivyojitahidi.

Tatizo lilikuwa mguu. Kaka alikuwa amenipa mguu wa nyuma wa kondoo, umechomwa polepole, una haradali na vitunguu na pilipili, mafuta yanachuruzika. Nilikuwa ndio kwanza nimekunja mikono ya gauni. Nikageuka kuchukua chumvi. Niliporudisha macho, sahani ilikuwa nyeupe na mguu ulikuwa mkononi mwa Saihou.

"Rudisha, mwizi wewe."

Hapo kufuli likavunjika.

"Jobe haibi kwa Njie," alisema. "Anakusanya kodi kwa watumwa wake."

"Mtumwa ni babu yako. Aliuzwa kwa kikapu kimoja cha mtama, na kesho yake mnunuzi akamrudisha kwa sababu usiku alikuwa amekula vikapu vitatu."

Mkeka mzima ukacheka. Mikeka ya jirani ikageuka kusikiliza. Na mimi nikishaona watu wananisikiliza, siwezi kuacha. Ndio ugonjwa wangu.

"Mguu huu," Saihou akauinua juu ili wote wauone, "ataula mke wangu tu. Kuna mke wa Jobe hapa?"

"Si unioe basi nile. Njaa inaniuma."

Mungu wangu, lau ningemwagiwa maji ya bahari mdomoni saa ile.

Saihou akamgeukia baba mdogo, akapiga goti mchangani, mguu wa kondoo mkononi. "Mzee Tijan, mtumwa wako nimekuja kuposa. Nipe huyu mlafi, niipunguzie familia mzigo."

Baba mdogo hajawahi kupitwa na utani tangu azaliwe. Akakaa sawasawa. "Una nini?"

"Mguu wa kondoo."

"Wa nani?"

"Wangu. Nimeuchukua sasa hivi."

"Na kola ziko wapi?"

Wifi Jabou hakungoja. Alitia mkono kwenye mfuko wa kanzu ya baba mdogo, akatoa zile kola zake za kutafuna, akazishika juu. Sikuwahi kumwona mwanamke huyu akifanya jambo kwa haraka hivyo. Mkono wake mwingine ulikuwa na simu, anarekodi.

Baba mdogo akavaa kofia. Akavunja kola, akagawa kwa waliokuwa karibu. Akajikohoza kama wanavyojikohoza wazee msikitini.

"Ndumbeh, binti wa Alieu Njie, unamtaka huyu mwizi?"

Na mimi mwenzenu, mbele ya watu wasiopungua ishirini, nikajibu kwa ile sauti niliyokuwa nikiitia wateja saluni: "Namtaka tangu juzi. Niozesheni upesi, nyama inapoa."

"Saihou Jobe, nimekuozesha binti yangu Ndumbeh kwa mahari ya mguu mmoja wa kondoo, taslimu."

"Nimekubali kumwoa kwa mahari hiyo."

Akanikabidhi mguu. Nikaung'ata. Wifi Jabou akapiga vigelegele, mikeka ya jirani ikaitikia, na ng'ombe mmoja akaamka, akaenda zake.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha lile taulo la bluu lililokuwa limetandazwa juu ya mtu pembeni yetu likakaa kitako.

Chini yake alikuwa mwanamume mwenye bukta na jezi ya mpira, nywele zimejaa mchanga. Nilimtazama muda mrefu kabla sijamtambua, maana sijawahi kumwona bila joho. Alikuwa Imamu Cham wa msikiti wa mtaa wetu. Alikuja na watoto wake, akaogelea, akalala.

"Mzee Tijan," alisema taratibu, "nani alikwambia mambo hayo yanataniwa?"

"Imamu, wewe unatujua. Njie na Jobe."

"Nawajua. Ulitamka kwamba umemwozesha?"

"Nilitamka, lakini kwa utani."

"Naye akakubali. Walii yupo, mashahidi wamejaa tele, na mahari," akanitazama mimi, akautazama mfupa, "imeshaanza kuliwa. Mzee wangu, ndoa, talaka na kumrejea mke, hayo matatu ukiyasema kwa mzaha yanahesabika. Ndivyo tulivyofundishwa, na wewe ulifundishwa kabla yangu."

Nikajaribu kumeza. Nyama ikakwama.

"Mimi sikukubali," nikasema. "Bibi harusi hajakubali."

"Ulisema tangu juzi," alijibu Imamu. "Nilikusikia nikiwa usingizini."

Baba mdogo alikuwa ameanza kutoka jasho chini ya kofia. Lakini mzee yule ana akili, akapata njia. "Mahari ni batili," akasema. "Mguu ulikuwa wa Ndumbeh mwenyewe, umetoka sahanini mwake. Mtu hawezi kulipwa mahari kwa nyama yake. Huyu kaiba."

Nikataka kumbusu. Ni kweli, mguu ulikuwa wangu.

Imamu akakuna kichwa, mchanga ukamwagika. "Mzee Tijan, nikuulize jambo ambalo wewe unalijua kunishinda. Jobe akichukua chakula kwenye sahani ya Njie, ameiba?"

Baba mdogo akavua kofia, akajifuta jasho. Maisha yake yote amekula kwenye sahani za akina Jobe. Amekula mazishini kwao, amekula harusini kwao, mara moja alichukua jogoo mzima akaondoka naye kwapani huku wanamshangilia. Angesema ni wizi, angekuwa ameuvunja utani wa babu zake na kujiita mwizi kwa pamoja.

"Si wizi," akasema kwa taabu. "Ni haki yake."

"Basi mguu ulikuwa wake, na ameutoa."

Mzaha, mzaha, hutumbuka usaha. Wahenga walisema, mimi nikawa nauona usaha kwa macho yangu, umekaa kwenye sahani, una haradali.

Nikaanza kulia. Siwafichi, nililia kwa sauti. Ijumaa yangu ilikuwa inaondoka kama lile bati.

"Usilie, mwanangu," alisema Imamu. "Ni jambo dogo. Bwana Saihou atakupa talaka hapa hapa. Hajakugusa, kwa hiyo huna eda. Ijumaa unaolewa na umtakaye."

Nikafuta machozi kwa mkono wenye mafuta. Kumbe ni hivyo tu? Wote tukamgeukia Saihou.

Alikuwa anamimina chai, anainua birika juu kabisa ya vile vibilauri ili povu lipande, kama hakuna lililotokea.

"Haya, mtani," nikasema. "Tamka, nirudi kwenye adabu zangu."

"Chai kwanza."

Tukacheka, tukanywa raundi ya kwanza, ile chungu. Wanaume wa kwetu hawawezi kuamua hata kuvuka barabara kabla ya ataya, hii chai yetu ya raundi tatu.

"Sasa tamka."

"Bado raundi ya pili."

Tukanywa ya pili. Sukari ilikuwa imeanza kuonekana. Baba mdogo akamwambia, "Bwana, utani una mwisho wake," neno ambalo sikutegemea kulisikia kinywani mwa baba mdogo.

Saihou akaweka kibilauri chini. "Sitaki," akasema.

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Nikamtazama usoni nikitafuta pale anapofichaga utani wake, kwenye kona ya mdomo, na haukuwepo.

Wakati huohuo nikamwona wifi Jabou akirudisha simu kwenye mkoba, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Wifi, ile video umeifanya nini?"

"Nimeituma tu kwenye kundi la familia."

"Peke yake?"

"Na lile la akina mama wa Ijumaa."

"Si ndilo alilolianzisha Aja Ramou?"

Wifi akatazama baharini. "Yeye ndiye aliyeiona wa kwanza," akasema.

Simu yangu ikaita. Malick. "Niko njiani kuja Sanyang," alisema, akakata. Wanaume wangu na simu, mnaona wenyewe.

Nikamshika Saihou ukosi wa shati, nikamburuta hadi upande wa pili wa ng'ombe, pale ambapo mawimbi yanafunika maneno.

"Unaniharibia maisha, mbwa wewe."

"Najua."

"Malick anakuja. Ni neno moja tu, Saihou. Litamke, nitakupa mguu mwingine."

"Siku bati lako lilipong'oka, nani alikuja na ngazi?"

"Wewe. Ukasema kichwa cha Njie hakina kitu cha kuhifadhi chini ya bati."

"Nikasema nini tena?"

Ilinibidi nikumbuke. "Ulisema niache habari ya bati, nihamie kwako."

"Ukanijibu?"

"Nikakujibu bora nilale na mbuzi."

"Mwaka juzi nilikuja kwa baba yako mdogo na kilo nzima ya kola. Nilivaa viatu vya kufunga kamba. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wewe ulizitafuna mbele yangu, ukaniuliza kama nimeleta na chumvi."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata vile viatu. Nilivitania wiki nzima.

"Nilidhani ni utani," nikasema.

"Miaka tisa nakwambia kweli, wewe unacheka, mzee anacheka, mtaa unacheka. Ningekuwa Sowe au Cham, mngenifukuza au mngenipa jibu. Mimi Jobe, sijapata hata kufukuzwa. Leo nimetania, imekuwa ndoa." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Halafu mnataka niirudishe?"

Ninayo matusi ya akina Jobe mia moja, niliyarithi kwa bibi. Nikayapekua yote, hakuna hata moja lililofaa. Nilisikia aibu, wasomaji wangu, aibu ya mtu aliyekuwa anapiga kelele mlangoni kwa mgonjwa bila kujua ndani kuna mgonjwa.

"Mimi nataka nyumba," nikamwambia. Ndio ukweli wenyewe, muuchukue ulivyo. "Nimechoka kulala na mchele wa Jabou."

"Najua. Mimi nina vyumba viwili, na vyote vinanuka petroli. Sikudanganyi."

Tuliporudi, Malick alikuwa anashuka kutoka upande wa barabara, kanzu nyeupe, viatu vyeusi, kila hatua anazama mchangani na kila hatua anajifanya hazami. Watu wa mikeka ya jirani waliacha kula. Wengine walisogeza mikeka.

Nataka mjue kwamba Malick ni mtu mwema. Angekuwa mbaya ningekuwa na usingizi. Alimsalimia baba mdogo kwa heshima, akamsalimia Imamu, akauliza hali ya familia ya kila mmoja, hata Saihou. Kisha akaniambia, "Nimeiona video. Nimeuliza watu wanaojua. Talaka ikipita leo, Ijumaa iko palepale. Mama alikasirika, lakini nimezungumza naye. Yuko kwenye gari."

Moyo ukanirudi. Nilitaka kumshika mkono mbele ya watu wote.

"Ana sharti moja," akaendelea.

"Hata kumi."

"Nyumbani kwetu hakutakuwa na utani. Akina Jobe wasije mlangoni, wala wewe usiende kwao. Si sikukuu, si harusi."

"Na tukifiwa?"

"Hata mkifiwa." Alishusha sauti, akawa mpole kweli. "Ndumbeh, umejiona kwenye ile video? Mdomo wazi, mafuta hadi kwenye viwiko. Wazazi wa wanafunzi wangu wanaiona. Uliniahidi utaufunga huo mdomo. Nakukumbusha ahadi yako tu."

Na kweli nilimwahidi. Nilimwahidi nikiwa nimekaa kwenye gunia la mchele.

Baba mdogo akatema kola mchangani. "Mimi nikifa," alisema, hakumwambia mtu yeyote hasa, "nani atakuja kunicheka?"

Imamu akaona mambo yanaelekea kubaya, akamgeukia Saihou. "Ndugu yangu, kumzuia mwanamke asiyekutaka haifai. Mwache aende zake."

"Sijamsikia akisema hanitaki," alijibu Saihou. "Nimemsikia akinitukana. Hiyo ni haki yake."

Akaja akasimama mbele yangu. Miaka tisa, na nilikuwa sijawahi kumtazama mtu huyu akiwa kimya. Ana kovu dogo juu ya jicho, sijui alilipata wapi. Sikuwahi kumuuliza swali ambalo nilitaka jibu lake.

"Weka pembeni Jobe na Njie," alisema. "Sema hunitaki, kwa dhati yako. Ukishasema, natamka mbele ya Imamu, na sitakuja kwenye uzio wenu tena. Hata kuazima ngazi sitakuja."

Kwenye mikeka ya jirani watu wakasimama ili waone. Nikasikia watoto mbali majini, nikasikia mkaa unapasuka.

"Sema basi, tuondoke," alisema Malick. "Mama anasubiri kwenye gari."

Nikalitazama gari kule juu. Vioo vilikuwa vimefungwa. Aja alikuwa amekaa kiti cha mbele, mgongo umenyooka, hakutazama hata bahari.

"Mwite," nikamwambia Malick. "Mwambie ashuke. Nataka asikie mwenyewe."

Malick akatabasamu, akaenda karibu anakimbia, viatu vimejaa mchanga na safari hii hakujali. Saihou aliliona lile tabasamu. Akachuchumaa kwenye jiko lake, akaanza kumimina raundi ya tatu, ile tamu, na nusu ya chai ikamwagikia mkekani. Imamu akavaa kanzu juu ya bukta, tayari kwa kazi. Wote watatu walidhani wamenielewa.

Niliitaka ile nyumba ya Brufut. Ina geti la chuma lililopakwa rangi ya kijani, ina chumba chenye madirisha mawili ambacho Malick alinionyesha akasema, hiki chako. Usiku nilikuwa nakipamba kichwani, pazia hili, kitanda kile. Na nilitaka kucheka pia. Sikuwa najua kwamba vitu hivyo viwili vinauzwa duka moja, na ukinunua kimoja unanyang'anywa kingine. Hasira zilinipanda, sijui hata zilikuwa za nani. Nadhani zilikuwa zangu mwenyewe, kwa mwanamke niliyeishi naye miaka thelathini na sita bila kumsikiliza anasema nini.

Aja Ramou akaja, viatu mkononi, amemkwepa ng'ombe wa kwanza na kumkaripia wa pili akapisha. Nikapiga goti kidogo, nikamsalimia. Hakuitikia. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka vidole, na vidole vilikuwa bado vina haradali.

Kisha akamtazama Saihou, aliyekuwa amesimama na kibilauri cha chai mkononi, hajui ampe nani. Aja akanyoosha kiatu kumwelekea.

"Na huyu," akaniuliza, "ni nani yako?"

"Ni mume wangu," nikamjibu, na safari hii hakuna aliyecheka.